Uhakiki wa Ng'ombe wa Devota

Saa kumi na moja kasoro robo jioni Devota alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipepeta mchele wa arobaini ya mumewe, ambayo ilikuwa kesho yake. Ungo ulikuwa wa kuazima. Upande wa chini wa kiwanja, pale palipokuwa na banda kabla maji hayajalibeba, ilibaki sakafu ya saruji yenye nyufa mbili, na jirani alikuwa ameanika mahindi juu yake. Devota alipoinua uso kuwatupia kuku chuya, aliwaona ng'ombe wake watatu wamesimama juu ya mahindi hayo.

Walikuwa wamelowa chapachapa. Tunu alisimama kushoto, Sikudhani katikati, Bahati kulia, kila mmoja mahali pake, ingawa mahali penyewe hapakuwa tena na kuta wala hori. Walikuwa wamekufa tangu mwishoni mwa Aprili. Devota mwenyewe alishuhudia wakizikwa katika shimo moja la futi nane, chokaa chini na chokaa juu, kama afisa mifugo alivyoagiza. Aliweka ungo kando, akazoa mahindi ya watu kabla hayajakanyagwa zaidi, akaenda kuchemsha maji ya kuoshea viwele.

Maziwa yalitoka. Yalikuwa baridi kama maji ya mtungini, lita tisa kwa ng'ombe wawili, si haba kwa wanyama waliokaa ardhini zaidi ya mwezi. Tunu hakumkamua. Tunu alikuwa na mimba ya miezi saba maji yalipomchukua, walikuwa wameshamkausha maziwa, na tumbo lake lilikuwa vilevile.

Kesho yake watu walikuja kwenye arobaini. Mwinjilisti aliwaona ng'ombe, akaomba benchi lisogezwe kidogo ili waimbaji wasirushiwe maji na mikia. Baada ya ibada watu walikula, wakampa Devota pole kwa mara nyingine, na mmoja akamkumbusha kwamba majani ya tembo kule bondeni yalikuwa yamechipua vizuri baada ya mafuriko, asiyaache yakakomaa. Kwa hiyo alianza tena kukata majani. Ng'ombe wale walikula kama ng'ombe wengine, mizigo miwili kwa siku. Samadi hawakutoa.

Kwa karatasi, ng'ombe walikuwa wa Devota. Kijiji chao cha Kwemtonga kiko nje kidogo ya Maramba, na huko kikundi cha akina mama cha Jipe Moyo kina utaratibu ambao kila mtu anaujua: unajenga banda, unapanda majani, unapewa mtamba. Mtamba wako akizaa, jike la kwanza si lako. Ni la mwenzako anayefuata kwenye orodha. Devota alipewa Tunu miaka minne iliyopita. Tunu akazaa dume, akazaa dume tena. Madume yaliuzwa, wakanunuliwa Sikudhani na Bahati, lakini deni la jike lilibaki palepale.

Aliyefuata kwenye orodha alikuwa Hija. Alizaliwa Pemba, akaja Maramba na mume aliyekuwa akichuuza karafuu. Mume akaendelea na safari, Hija akabaki na watoto wanne na jaruba mbili za mpunga. Banda lake alilijenga kwa mikono yake, sakafu, hori na paa la makuti, na lilikuwa tupu mwaka wa tatu sasa. Watu walimtania njiani.

"Bi Hija, mgeni wako bado hajapata gari?"

"Mgeni wangu hapandi gari lenu bovu," Hija alikuwa akijibu. "Mie n'nangoja."

Noa, mume wa Devota, ndiye aliyewalisha ng'ombe, na ndiye aliyemwambia Hija mbele ya kikundi kizima kwamba safari hii mimba ni ya jike, anamuahidi, na kamba atamletea yeye mwenyewe. Siku ya mafuriko, kulipokuwa kunapambazuka, Devota ndiye aliyesikia maji yakigonga mabati ya banda. Alimwambia Noa, "Kawafungue ng'ombe." Hakumwambia kitu kingine. Noa alikwenda. Siku nne baadaye wachimba kaa walimkuta kwenye mikoko karibu na Moa, akarudishwa nyumbani na pikapu ya samaki. Dereva alikataa nauli, akaomba tu asaidiwe kuosha gari.

Ng'ombe walikutwa jirani zaidi, wamenasa kwenye shamba la mihogo. Kabla ya kuwafukia, vijana walitaka kuwatoa hereni masikioni, zile za manjano zenye namba ambazo serikali iliwavisha mwaka juzi. Devota alikataa. Kwenye semina walifundishwa kwamba kuvua hereni bila kibali ni kosa na faini yake ipo, na Jipe Moyo ni kikundi kinachosikiliza semina. Wakazikwa na hereni zao. Kijiji cha pili, ambako semina walikwenda kwa ajili ya soda, waliwakata ng'ombe wao masikio, wakayaweka kwenye mfuko wa sukari.

Tangazo lilipokuja kwamba serikali itawalipa wafugaji walioathirika, ikawa hivi: mwenye hereni mkononi analipwa, asiye na hereni anasubiri uhakiki. Kijiji cha pili kililipwa ndani ya mwezi. Devota alijaza fomu kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, akisaidiwa na afisa mifugo, kijana mpole anayeitwa Alexander. Kulikuwa na mstari wa ng'ombe, wa mbuzi, wa kuku, na wa mizinga ya nyuki.

"Na aliyekwenda kuwafungua," Devota aliuliza, "namwandika wapi?"

Alexander aliigeuza fomu nyuma, akaitazama, akaigeuza mbele. "Hii ni ya mifugo tu, mama. Binadamu ni idara nyingine."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

Devota alikuwa ameshapanga. Fedha ya ng'ombe watatu ingenunua mtamba mmoja mwenye mimba, angempelekea Hija, na ahadi ya Noa ingetimia. Kingebaki kitu cha banda, kisingebaki, hilo alikuwa hajalifikiria.

Siku ya uhakiki Alexander alifika kijijini saa nne asubuhi. Alianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, Sadalla, aliyekuwa na ng'ombe kumi na wanne, na ambaye banda lake liko juu mlimani, maji hayakulifikia. Ng'ombe wake wote walikuwa wazima, lakini hawakuwepo. Siku mbili kabla walikuwa wameswagwa kwenda kwa shemeji yake upande wa mpakani, kubadilisha hewa. Kuhesabu ng'ombe kumi na wanne wasiokuwepo kulichukua muda, kwa sababu kulikuwa na pilau. Alexander alipofika kwa Devota ilikuwa saa kumi na moja kamili, na Tunu, Sikudhani na Bahati walikuwa wameshapanga mstari juu ya sakafu.

"Shikamoo, Mama Loveness." Loveness ndiye binti pekee wa Devota, fundi cherehani huko Makorora.

"Marahaba, baba. Karibu."

"Hawa si ndio wale?"

"Ndio wao."

"Uliniambia wamekufa."

"Wamekufa."

Alexander aliweka begi chini, akapitisha mkono mgongoni kwa Tunu, akaufuta kwa leso. Kisha alitoa kile kipimo cha kusikilizia moyo, akakiweka ubavuni, akainama kwa muda mrefu. Moyo hakuusikia. Alisikia maji yakipita mbali.

"Kweli wamekufa," alisema. "Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

Alisogeza mashine yake ya kusomea hereni kwenye sikio la Tunu. Mashine ikalia. Ikalia kwa Sikudhani, ikalia kwa Bahati. Kwenye kishikwambi chake yakajitokeza majina, namba, na jina la Devota mwenyewe bila kosa hata la herufi moja.

"Lakini wapo," Alexander alisema.

"Si umesikiliza mwenyewe?"

"Nimesikiliza. Ila hiki hakiulizi mzima au mfu. Kinauliza yupo, hayupo. Mwanzoni tulikuwa tunauliza waliokufa, watu wakatudanganya sana, ndipo wakubwa wakarahisisha." Alikuwa na huzuni ya kweli. "Nikiandika hayupo na hereni imesoma, mimi ndiye sitakuwepo."

Devota alijaribu kuzing'oa hereni zile baada ya Alexander kuondoka. Zilionekana, zilisomeka, lakini kila alipozishika vidole vilikutana vyenyewe ndani ya maji.

Sadalla alilipwa ng'ombe kumi na wanne. Juma lililofuata wakarudi kutoka kwa shemeji, wawili wakiwa wameshazaa, wakapita barabarani mchana kweupe. Watu waliwapisha.

Loveness alipiga simu kutoka Makorora. "Mama, uza hao."

"Nani anunue?"

"Mchinjaji."

Mchinjaji alikuja, mwenye imani, akapiga bismillahi. Kisu kilipita shingoni kama mwiko kwenye uji, na njia yake ikajifunga nyuma yake. Hakudai hata nauli. Maziwa nayo Devota aliyapeleka kituo cha kukusanyia. Pale hutumbukiza kipimo cha kioo kwenye kopo, na kipimo kikazama mpaka chini. Msichana wa kituo akamwambia, kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mbele ya foleni, kwamba hayo ni maji matupu. Kwa hiyo mashine moja ilisema ng'ombe wapo na nyingine ikasema maziwa hayapo, na hakuna ofisi iliyokuwa na kazi ya kuzipatanisha. Devota akawa anamwagia mchicha.

Mwezi wa nane Tunu alizaa. Ndama alitoka akiwa amelowa, kama ndama wote, ila huyu hakukauka. Alikuwa jike, na paji lake la uso lilikuwa na doa jeupe. Sikioni alikuwa na hereni tayari. Wiki moja baadaye ilikuja barua yenye muhuri ikimpongeza Devota kwa kuongeza mifugo licha ya maafa, na kumtaka alipie hereni ya nne.

Praxeda, katibu wa Jipe Moyo, alifika na daftari la kikundi. Alikuwa mwanamke wa haki, na haki yake ilikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa katiba.

"Jike la kwanza, Mama Loveness."

"Praxeda, huyu ndama amekufa."

"Hilo naliona. Lakini amezaliwa, na ni jike. Katiba haikusema vingine."

"Nikimpa, Hija atafutwa kwenye orodha."

"Atakuwa amepata. Aliyepata anafutwa, ndiyo kanuni. Na wewe ulifutwa."

"Ngoja basi nitafute hela, nimnunulie mzima. Wa idara nyingine wanakuja."

"Wanakuja lini?"

Asubuhi yake Devota alikwenda kwa Hija akamweleza jambo lote, la majani mizigo miwili, la samadi, la maziwa, la kufutwa. Hija alikuwa anasuka ukili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," alisema, "mie banda langu lishaanza kuota uyoga. Watoto wangu washachekwa vya kutosha. Noa aliniahidi wa tumbo lile, hakuniahidi wa dukani."

"Hatakufaa, Bi Hija."

"Akafa, akazaliwa, akanifikia. Wallahi kuna waliokuwa wazima wasinifikie. Mlete."

Ndama alikabidhiwa Jumamosi. Praxeda alisoma majina, Devota akashika kamba upande mmoja na Hija upande wa pili, akina mama wakapiga vigelegele, na kwenye daftari jina la Hija likapigwa mstari kwa rula. Wakati wa kuondoka walipita barabara kubwa. Nyayo za ndama zilibaki zimelowa kwenye vumbi, na zilikuwa bado zimelowa Jumatatu.

Siku ya tano Hija alikuja kwa Devota mapema, kabla hata ya kubadili kanga ya kulalia. Walisalimiana, wakaulizana za watoto.

"Kuna bwana anakuja kwangu alfajiri," Hija alisema. "Anamfagilia ndama, anamkatia majani, kisha anakaa kwenye kinu mpaka jua linapanda. Kalowa mwili mzima. Nimempa chai kaikataa. Nimekuja kukuuliza yeye hunywa nini."

Devota alifikiri. "Maji ya moto na tangawizi," alisema. "Sukari kidogo sana."

Alimaliza kukata majani, akanawa, akaenda. Noa alikuwa anasugua hori kwa gunzi. Alikuwa amevaa ile kaptura aliyoondoka nayo, na maji yalikuwa yakimdondoka kwenye viwiko polepole, bila kuisha.

"Umekuja," Noa alisema.

"Nimekuja."

"Ndama anakula."

"Nimeambiwa."

Devota hakumwuliza kwa nini hakufika nyumbani. Ahadi ilikuwa ya huku. Tangu siku hiyo, akishawapelekea ng'ombe wake majani, alikuwa akija kwa Hija kukaa kwenye kizingiti cha banda. Hawakuongea sana. Hata zamani hawakuwa waongeaji. Mara moja Noa alimwambia kwamba majani ya tembo yakatwe yakifika kiunoni, asingoje yafike kifuani, na Devota akasema sawa.

Idara nyingine ilikuja mwezi wa kumi. Aliyetumwa alikuwa binti anayeitwa Brightness, mwenye viatu vya kufunga na kishikwambi cha rangi nyingine. Kazi yake ilikuwa rambirambi za serikali kwa wafiwa wa mafuriko. Kiasi chenyewe, Devota alikuwa ameshapiga hesabu, kilitosha mtamba mmoja mzima mwenye mimba, na gunia la pumba juu. Hija hangehitaji orodha ya mtu.

Brightness alimkosa Devota nyumbani, akaelekezwa kwa Hija. Alimkuta kwenye kizingiti. Devota alitoa cheti cha kifo kutoka kwenye mfuko wa nailoni na kumpa. Brightness akakisoma, akatazama ndani ya banda, akakisoma tena.

"Mama, marehemu ndiye yule?"

"Ndiye."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Noa alisema, akaendelea kusuuza ndoo.

Brightness alikaa kwenye kinu. "Sasa hapa pana shida, mama. Cheti kinasema alikufa. Hakisemi hayupo." Alionyesha kioo. Lilikuwa swali moja, lenye majibu mawili. "Wametuletea mfumo huu huu wa mifugo. Walisema ulifanya kazi vizuri."

Ndama alikohoa maji.

Brightness alishusha sauti. Hakuwa mtu mbaya, na njia ilikuwa ndefu, na alikuwa amepita kaya nyingi. "Sikiliza, mama yangu. Mimi naweza kwenda kwa mwenyekiti nikanywa chai. Saa nzima. Huyu baba akisogea tu mpaka ng'ambo ya mto, nikirudi sijamkuta, naandika hayupo, na mwezi huu huu unalipwa. Wenzako ndivyo walivyofanya na ng'ombe wao. Wewe ni kumwambia tu."

Noa alikuwa amesikia. Aliweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye kaptura, akamtazama mkewe. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja kuambiwa, kama mtu ambaye angekwenda bila kuuliza. Mto ulikuwa umepungua siku hizo, maji ya magotini.

Devota alimtazama Hija. Hija alikuwa amesimama mlangoni na ukili wake mkononi.

"Usinitazame mie," Hija alisema. "Mie sili ng'ombe wa kufukuziwa mtu."

Devota alishamtuma mara moja.

"Andika," alimwambia Brightness.

"Niandike nini, mama?"

"Unachokiona."

Brightness alibonyeza. Kisha alitoa karatasi ya kuthibitisha, kwa sababu kishikwambi pekee hakitoshi, akajaza kwa kalamu: jina la mume, Noa, jina la mke, Devota, kijiji, tarehe, hali ya mhusika: yupo. Akapiga muhuri, akaeleza kwamba kwa kutia sahihi hapa mama anakubali kuwa hana madai yoyote tena serikalini kuhusu mtu huyu. Devota aliisoma mwenyewe kutoka juu mpaka chini, kidole kikifuata mistari. Kwenye lile neno kidole kilisimama kidogo. Akatia sahihi.

"Naomba nakala," alisema.

"Nakala hatutoi, mama. Labda tufuatane Maramba, pale stendi ya bodaboda kuna mashine."

Walifuatana. Pale stendi Devota alilipa shilingi mia mbili, akaipokea karatasi yake ikiwa bado ya moto, na Brightness akaondoka na ile yenye muhuri. Mwenye mashine akamwuliza kama alitaka aitie plastiki, kwa sababu karatasi hazikai huku, zinaloa. Plastiki ilikuwa elfu moja. Devota alifungua fundo la kanga, akamwambia aitie.